Kununua Chombo si Kununua Elimu

Wako watu wasemao kwamba nchi yenye fedha haina haja ya wachunguzi wake yenyewe. Chombo kikishabuniwa ng'ambo, wasema, sisi tutoe thamani yake tukitumie. Neno hili ni tamu kwa mvivu, lakini si la kweli, na mfano mmoja watosha kulikanusha.

Mwaka 1966, katika Uingereza, Charles Kao na mwenzake George Hockham walionyesha kwamba nuru hufifia upesi ndani ya uzi wa kioo kwa sababu ya uchafu uliomo katika kioo. Kioo kikasafishwa, na leo nyuzi hizo huchukua maneno ya watu chini ya bahari. Zilifika Mombasa mwaka 2009. Tena ikaonekana kwamba uzi uchukuao maneno waweza kusikia nyayo. Henry Taylor na Chung Lee wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, walipata hataza ya mtambo wa namna hiyo mwaka 1993.

Kazi yake ni hii. Uzi hufukiwa kandokando ya mahali palindwapo, na mmweko wa leza hupelekwa ndani yake. Kila upitapo, nuru kidogo hurudi nyuma. Mwizi akikanyaga udongo ulio juu, uzi hutikisika, na nuru irudiyo hubadilika. Ndani ya kioo nuru huenda kiasi cha kilometa 200,000 kwa sekunde. Basi nuru iliyokwenda na kurudi kwa sehemu moja ya 10,000 ya sekunde imetembea kilometa 20, na mlinzi ajua kuwa mguu umekanyaga kilometa 10 kutoka alipo.

Ajabu iliyoje! Lakini uzi haumjui mwizi. Mbuzi, mvua, lori na mti utikiswao na upepo, vyote huushtua. Mlinzi aamshwaye mara kumi kwa ajili ya mbuzi hatainuka mara ya kumi na moja, na hiyo ndiyo aingojayo mwizi. Kwa hiyo kazi iliyo ngumu ni kupambanua mshindo wa mtu na mshindo wa mnyama. Na mchanga mkavu haupitishi mshindo sawasawa na udongo uliolowa.

Sasa nakuuliza: ni nani atakayeufundisha mtambo huo udongo wa Kajiado, mvua ya Kisumu na kwato za ng'ombe wetu? Asipokuwapo kijana wa hapa ajuaye hesabu za mawimbi, tutakuwa tumenunua kengele, na kila ilipo itatubidi tumwite mgeni atwambie maana yake.

Watasema uchunguzi ni ghali. Ni kweli, lakini ujinga nao hulipiwa, wala deni lake halina mwisho. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na mtegemea akili ya nduguye hufa maskini hali chombo ki mkononi mwake.