Yoga ya kobe si kibarua cha kulima

Mwambie mkulima wa Mwimbi, kule Kalambo mkoani Rukwa, kwamba mjini kuna watu wanatoa hela ili wafundishwe kuinama. Atacheka mpaka ashike mbavu. Yeye anainama tangu asubuhi, jembe mkononi, kwenye mahindi na maharage, na hakuna anayempa cheti. Hata sisi wasomi wa mjini tunaurudia utani huo: yoga ya nini, wakati bibi zetu wamelima maisha yao yote?

Nadhani utani huo una ukweli nusu.

Tuchukue mkao mmoja mgumu, kurmasana, yaani mkao wa kobe. Unakaa chini, unatanua miguu, unakunja magoti kidogo na kupitisha mikono chini yake. Kisha unainama mbele na kunyoosha miguu taratibu, mpaka kifua na kidevu viguse sakafu. B.K.S. Iyengar aliueleza katika Light on Yoga, kitabu chake cha mwaka 1966. Kwenye picha unaonekana mwepisi. Haya, ujaribu baada ya kushinda kwenye kiti cha ofisi!

Misuli ya nyuma ya mapaja ikikaza inavuta nyonga kwa nyuma, kwa hiyo kinachokunjika ni mgongo. Ukizidi kusukuma, mzigo unaangukia diski za kiunoni, au kano zinazoshika misuli hiyo kwenye mifupa ya makalio. Hapo mkulima anatushinda. Aliyezoea jembe mara nyingi huinama kutoka nyonga, mgongo umenyooka kama meza.

Basi maandalizi yaanzie nyongani. Kalia blanketi lililokunjwa. Anza na miguu iliyotanuliwa, siku nyingine unganisha nyayo, na magoti usione aibu kuyakunja. Pumua. Ukisikia maumivu makali chini ya kalio, au ganzi inayoshuka mguuni, acha. Mwenye tatizo la mgongo amwone daktari kwanza. Kifua kufika sakafuni kunaweza kuchukua miezi, na wengine hakifiki kabisa kwa jinsi mifupa yao ilivyoumbwa. Hawajapungukiwa kitu.

Sasa ile nusu nyingine. Mkulima hainami kwa hiari. Magugu hayamsubiri apumzike. Kule California jembe la mpini mfupi lilipigwa marufuku mwaka 1975 kwa sababu lilikuwa likiharibu migongo ya vibarua. Kwa hiyo jamani, tusiwaambie bibi zetu kwamba kulima ni yoga. Kinachoitofautisha yoga na jembe ni ruhusa ya kuacha mwili unapokataa.

Ndiyo maana namshangaa kijana anayejikamua ili aguse sakafu kabla ya Juni 21, Siku ya Kimataifa ya Yoga inayoadhimishwa tangu 2015, apate picha ya kuonyesha. Huyo ana ruhusa ambayo bibi yake hakuwa nayo shambani, na anaitupa. Amejiajiri kibarua, tena amejiwekea na mnyapara.

Msimamo wangu ni huu: maandalizi ndiyo zoezi lenyewe, na sakafu haina haraka. Nanyi mwasemaje?