Uvimbe Uliobaki si Lazima Uwe Hai

Juma lililopita alinijia mwalimu mmoja niliyemfundisha zamani, mkononi ana ripoti ya picha ya ini la babake. Mzee huyo ana saratani ya ini, na mwezi mmoja kabla ya picha hiyo alikuwa amezibwa ateri inayoulisha uvimbe. Ripoti, kwa Kiingereza, ilisema uvimbe ungali sentimita 6. Jamaa walikuwa wamekwisha kukata tamaa, wakitaka kumrudisha mzee kijijini.

Mimi ni mtu wa isimu, si tabibu. Hata hivyo, nashikilia kwamba kilichowaponza ni neno "ungali", walilolisoma kana kwamba ni "u hai".

Ini hupata damu kwa njia mbili. Takriban robo tatu hutoka kwenye vena kubwa ya matumbo, na iliyosalia huletwa na ateri. Saratani ya ini hutegemea ateri hasa. Ndiyo sababu madaktari hupitisha mpira mwembamba, wakamimina dawa na kuiziba. Uvimbe hufa, lakini mzoga wake huweza kubaki pale pale kwa miezi, ukubwa ukiwa ule ule.

Kwa hivyo rula pekee hudanganya. Mgonjwa hudungwa dawa ya kung'arisha mishipa, kisha hupigwa picha kwa awamu. Sehemu iliyo hai hung'aa mapema, ateri zinapojaa, iliyokufa haing'ai. Vigezo vya RECIST vya mwaka 2000 vilipima kipenyo cha uvimbe mzima. Mwaka 2010, Lencioni na Llovet walichapisha marekebisho yake: katika saratani ya ini, kipimwe kile kinachong'aa tu. (Nayo mafuta ya lipiodoli, yatumiwayo katika tiba hiyo, huonekana meupe katika skani ya kompyuta hata yakaficha masalio yaliyo hai, hapo skani ya sumaku hufaa zaidi.)

Niliisoma ripoti hadi chini. Katika sentimita hizo 6, kilichong'aa kilikuwa ukingo wa sentimita 1. Mstari huo hakuna aliyewafafanulia. Walikabidhiwa bahasha dirishani, wakaenda zao. Hospitali iliyomudu mashine ya mamilioni ingeshindwaje na sentensi tatu za Kiswahili?

Nilimwandikia yule mwalimu maswali mawili ya kumpelekea daktari: ni sehemu gani ingali inang'aa, na je, yaweza kuzibwa tena? Miadi yao ni Jumatano.