Kenge wa Ziba asilipie banda bovu

Mfugaji wa Ziba, wilayani Igunga, akikuta mayai yameliwa na vifaranga wamepungua, mshitakiwa wa kwanza ni kenge. Hukumu hutolewa papo hapo, kwa rungu.

Hasara hiyo haifai kubezwa, maana kwa kaya nyingi kuku ndiyo benki. Lakini kenge huyo huyo hula panya, konokono, wadudu, mizoga na hata mayai ya mamba. Mkulima wa mpunga anaijua vizuri hasara ya panya.

Kenge huwinda mchana, hivyo kufungia kuku usiku pekee hakusaidii. Viota vya kutagia viwe ndani ya banda lililoinuliwa, lenye wavu wa matundu madogo, na mayai yaokotwe mapema. Banda la namna hiyo litawazuia pia nguchiro na kicheche, ambao mara nyingi ndio wezi wenyewe.

Lisilozungumzwa ni vichuguu. Kenge jike wa kandokando ya maji huchimba kichuguu chenye mchwa na kutaga mayai 20 hadi 60. Mchwa huziba tundu wenyewe, na joto la ndani huyatunza mayai kwa miezi kadhaa. Kichuguu kikisawazishwa ili kupanua jaruba, au udongo wake ukifyatuliwa matofali, uzao wote huangamia. Hakuna anayemkataza mkulima kufyatua matofali. Abakize tu vichache karibu na mto.

Wapo wanaosema kenge ni wengi. Ni kweli, hajaorodheshwa miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka. Lakini tembo, ambao pembe zao zilipita Tabora kwa misafara karne ya 19, walikuwa zaidi ya 100,000 nchini mwaka 2009. Mwaka 2014 walibaki takriban 43,000. Na ndugu yake kenge, joka la Komodo wa Indonesia, aliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya walio hatarini.

Biashara ya kenge kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES, na mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Mchuuzi anayeahidi fedha kwa kenge hai aulizwe kibali kwanza. Atakayeishia mahakamani huenda akawa mwanakijiji aliyemkamata.

Maofisa ugani na wa wanyamapori wa Igunga wakae na wafugaji kabla mvua hazijaanza, wakati ambapo mabanda bado yanaweza kukarabatiwa.