Injini ya Shambani Inapotakiwa Kuruka



Ijumaa iliyopita, baada ya swala, mzazi mmoja alitufuata ofisini akiongozana na mwanawe wa miaka 17. Kijana alikuwa na mfuko mtupu wa saruji mkononi, na ndani ya mfuko ule mlikuwa na injini ya mashine ya kukatia nyasi. "Ustadh," alisema baba kabla hata hajaketi, "mtoto huyu ameifungua mashine yangu ya kazi. Anasema anataka kuitengenezea ndege. Nimekuja umwambie aache."

Kijana alitusalimu kwa adabu, akatuonesha katika simu picha ya ndege ya mfano iliyosimama juu ya majani, mabawa yake yakimpita kwa urefu mtu aliyesimama kando. Ndege hiyo haina rubani ndani, huongozwa kwa rimoti kutoka chini. "Hizi zinaendeshwa na injini kama hii," alisema kwa sauti ndogo.

Tulimwomba baba atupe wiki moja. Tumeitumia kusoma na kuuliza mafundi, na majibu tuliyoyapata tumeona si ya familia ile peke yake. Nyumba nyingi zina kijana ambaye mikono yake haitulii, na mzazi asiyejua kama anachokiona ni kipaji au uharibifu.

Jambo la kwanza ni kwamba kijana hakusema uongo. Nchini Marekani, ambako mchezo huu umeenea, ndege ya mfano yenye bawa moja kila upande huhesabiwa kuwa kubwa ikiwa mabawa yake yanafika inchi 80 kutoka ncha hadi ncha, yaani kama mita 2. Yenye mabawa ya ghorofa mbili huanzia inchi 60. Vijiinjini vya zamani vilivyotumia pombe ya methanoli havikuwa na nguvu ya kubeba miili hiyo kwa gharama nafuu, ndipo mafundi wakageukia injini za petroli za misumeno ya mnyororo na mashine za nyasi. Quadra, yenye ujazo wa sentimita 35, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kupendwa. Baadaye Zenoah ya Japani, kampuni iliyojulikana kwa zana za misitu na bustani, ikapata jina kubwa katika viwanja vya ndege hizi, na injini yake ya G-62, yenye ujazo wa sentimita 62, imebeba ndege nyingi sana.

Lakini injini iliyoumbwa kukata nyasi haigeuki kuwa ya ndege kwa kufungwa tu mbele ya bodi. Hapa ndipo vijana wengi hukosea, nasi twaomba wazazi waelewe kosa lenyewe ili waweze kuuliza maswali ya haki.

Kosa la kwanza ni kusoma nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko na kuiamini. Misumeno mingi ya mnyororo hutoa nguvu zake kamili pale kranki inapozunguka mara 9,000 au zaidi kwa dakika. Rafadha, yaani pangaboi la mbele ya ndege, haitaki mwendo huo. Ndege kubwa na nzito huvutwa vizuri na rafadha ndefu inayozunguka polepole kiasi, pengine mara 7,000 kwa dakika, kwani husukuma hewa nyingi kwa utulivu badala ya hewa kidogo kwa fujo. Tena rafadha ina hesabu yake: ukitaka ileile izunguke mara mbili ya kasi yake, hudai nguvu mara nane. Kwa hiyo injini ikifungwa rafadha ndefu haifiki kabisa katika mwendo ule ambao kibandiko kilitoa ahadi yake. Fundi mwenye busara huanza na ndege, akauliza ina uzito gani na yapaswa kwenda kwa kasi gani. Kisha huchagua rafadha. Na injini huja mwisho.

Kosa la pili ni kusahau mizani. Ndege hukaa hewani kwa kuwa uzito wake umesimama mahali pake, karibu na sehemu ya mbele ya bawa. Chukua mfano wa Sopwith Camel, ndege ya Uingereza ya Vita Kuu ya Kwanza, ambayo wapenzi wa mchezo huu hupenda kuiiga. Pua yake ni fupi na mkia uko mbali. Ikiwa mkia uko mbali na kitovu cha mizani mara tatu kuliko injini, basi gramu 100 zilizozidi mkiani zitadai gramu 300 puani. Ndege ya namna hiyo hufaidika na injini nzito, na fundi huweza kuiachia flaiwili yake ya chuma iliyo na sumaku za magneto. Ndege yenye pua ndefu hali yake ni kinyume. Hiyo huhitaji flaiwili ipunguzwe kwenye mashine ya kukereza, au iondolewe kabisa na cheche itolewe na kifaa cha elektroniki chenye betri yake. Kifaa hicho hurahisisha kuwasha na huifanya injini iunguruma polepole bila kuzimika, ila kimeongeza betri ya kuchaji na kukagua. Uzito uleule, basi, ni neema kwa ndege moja na ni msiba kwa nyingine.

Baada ya kuchagua ndipo huja kazi ya kubadili. Klachi hutolewa, na kamba ya kuwashia pamoja na ganda lake huondolewa. Mahali pa klachi hufungwa kitovu cha chuma au alumini cha kushikia rafadha, nacho yapasa kikerezwe na mtu anayeijua kazi yake, kwani kikiyumba hata kidogo injini nzima itatetemeka. Ekzosi hugeuzwa ili moshi na moto vitoke nje ya bodi. Kabureta mara nyingi huachwa ileile, nayo ni bahati njema: kabureta za mashine hizi hutumia kiwambo badala ya boya, hivyo hutoa mafuta hata chombo kikilala ubavu au kupinduka, kama mkata miti anavyouinamisha msumeno wake.

Kuna la kutazama zaidi ndani ya injini yenyewe. Katika baadhi ya mashine ndogo za bei nafuu, kranki imeshikiliwa na beringi upande mmoja tu. Kwa kuzungusha waya wa kukata nyasi inatosha, lakini rafadha ndefu ni mzigo mwingine. Injini yenye beringi pande zote mbili za kranki hustahimili zaidi. Tulikwenda na kijana wetu kwa fundi, injini ikafunguliwa, ikaonekana kuwa na beringi pande zote mbili. Uso wa kijana uling'aa. Baba yake alitazama pembeni.

Halafu kuna joto na mtetemo. Mashine ya nyasi ina feni inayopuliza hewa juu ya mapezi ya silinda. Feni hiyo ikiondolewa na injini ikafichwa ndani ya pua ya ndege, hewa lazima iongozwe ipite katikati ya mapezi, na tundu la kutokea liwe kubwa kuliko la kuingilia, kwani hewa iliyopata moto hutanuka. Injini hufungwa kwenye ukuta wa plaiwudi nene kwa bolti za chuma zenye dawa ya kuzuia kulegea. Kipokezi cha mawimbi huvikwa sifongo na kuwekwa mbali na waya wa plagi, na fimbo inayovuta mkono wa mafuta haiwi ya chuma, ili cheche zisichafue mawimbi. Mwisho, mfumo hupangwa hivi kwamba mawimbi yakikatika injini ishuke au izime yenyewe.

Wazazi wengi huogopa ndege kuanguka. Hofu hiyo ina haki yake, lakini kwanza wauogope mkono ulio karibu na rafadha. Rafadha ya inchi 20 ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, ncha yake hukata hewa kwa zaidi ya kilomita 650 kwa saa, na jicho haliioni. Kwa hiyo injini huwashwa ndege ikiwa imefungwa au imeshikwa na mtu wa pili. Anayewasha huvaa glavu nene au hutumia kijiti, na marekebisho yote ya kabureta hufanywa kutoka nyuma ya rafadha. Watoto hawasimami mbele wala ubavuni mwake. Hakuna anayewasha peke yake. Nchini Marekani ndege ya mfano inayozidi pauni 55, yaani kama kilo 25, haikubaliwi katika viwanja vya chama chao bila ukaguzi maalumu. Hapa kwetu, kabla ya kurusha chombo chochote kisicho na rubani, mwenye nacho aende kwanza kuuliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kuuliza hakumpunguzii mtu heshima.

Tungependa kumalizia na kisa cha mtu aliyeelewa maana ya kuchagua na kubadili kuliko wengi. Maynard Hill alikuwa Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1926. Alipokuwa na umri wa miaka 77, macho yake yakiwa karibu kuzimika na masikio yake yakiwa mazito, alitaka ndege ya mfano ivuke bahari ya Atlantiki. Kanuni za rekodi zilimtaka asizidi kilo 5, mafuta yakiwemo. Angependa nguvu, angechukua injini kubwa, na ndege yake ingemaliza mafuta mapema na kuangukia baharini. Yeye alichagua injini ndogo ya mipigo minne yenye ujazo wa sentimita 10 tu.

Injini hiyo ilitengenezwa itumie methanoli. Hill alijua kwamba kilo moja ya methanoli hubeba kama nusu tu ya nishati iliyo katika kilo moja ya petroli. Akaibadili itumie mafuta meupe, yale safi ya taa na majiko ya kambini, akaiwekea mfumo wa cheche, na akairekebisha kabureta ili inywe kwa matone. Ndege zake za mwanzo zilishindwa. Hatimaye, mwezi Agosti 2003, moja ilirushwa kutoka Cape Spear katika kisiwa cha Newfoundland, Kanada. Baada ya saa 38 na dakika 52 ilitua karibu na Clifden, Ireland, eneo lilelile walikotua Alcock na Brown mwaka 1919 walipovuka Atlantiki kwa mara ya kwanza bila kusimama. Ilikuwa imekwenda zaidi ya kilomita 3,000 kwa mafuta yasiyofika lita 4. Hill mwenyewe asingeweza kuitua. Mwenzake Dave Brown aliipokea upande wa Ireland na kuishusha.

Turudi sasa kwa baba na mwana. Jana jioni tuliketi nao tena. Tulimwambia kijana, mbele ya baba yake, kwamba injini ile inafaa, na kwamba amefikiri vizuri. Kisha tulimwambia kwamba pamoja na kufaa kwake, si yake. Baba yake hukodisha mashine ile kwa kukata nyasi mashuleni na viwanjani, na unga wa nyumba ile hununuliwa kwa mzunguko wake. Injini ya kujifunzia iwe ile ambayo nyumba ikiipoteza haitalala njaa. Kwa mafundi zipo mashine ambazo mpini au kichwa chake kimevunjika ilhali injini ingali hai, na bei yake huwa ya chuma chakavu.

Baba tulimwomba mambo mawili. Asimfiche kijana spana. Na siku injini ya pili itakapowashwa, ikiwa imefungwa kwenye benchi na si kwenye ndege, yeye awe mtu wa pili, yule wa kushika. Mwezi wa kwanza usiwe na ndege kabisa: kijana apime uzito, ahesabu mizunguko, aandike mafuta yaliyotumika, ajue kuiwasha na kuizima mara mia.

Baba alinyamaza kitambo. Kisha alimgeukia mwanawe akamwambia, "Kesho asubuhi utaifunga mashine yangu kama ulivyoikuta. Tukimaliza, tutakwenda wote kwa fundi kutazama hayo mabovu." Kijana akajibu, "Ndiyo, baba," akauchukua mfuko wake wa saruji, na safari hii baba ndiye aliyeupokea mzigo mlangoni.