Ngoma Ifunze Tabia

Katika sherehe za Mapinduzi, aghalabu watoto wetu huingia uwanjani na halaiki zao, nasi huwapigia makofi. Hapana shaka kwamba halaiki humfunza mtoto kushika mstari na kufuata amri. Lakini tabia njema si utii peke yake. Mtoto hana budi ajifunze pia kujiamini, kumngojea mwenziwe na kubuni jambo bila ya kuamriwa. Hayo huyapata katika ngoma, endapo ataachiwa atunge hatua yake mwenyewe.

Sisi wa Pemba hatuna haja ya kutafuta mfano ng'ambo. Katika msewe, wachezaji hufunga miguuni vile vyombo vya kusukwa vilivyoipa ngoma jina lake. Mmoja akienda pupa, mlio wa wote huharibika. Katika kirumbizi, fimbo hukutana na fimbo, na fundi ni yule ajuaye kuuzuia mkono wake. Kwa wadogo, bua latosha badala ya fimbo.

Jambo hili si geni kwa Serikali. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliitia elimu ya maandalizi katika elimu ya msingi. Katika miaka hiyo hiyo vilianzishwa vituo vya Tucheze Tujifunze, ambako watoto wa vijijini walisomeshwa kwa nyimbo na michezo ya redioni. Lililobaki ni kuipa ngoma nafasi katika ratiba, na kumwandaa mwalimu wa kuiongoza.

Wapo wazee wanaochelea kwamba ngoma itamtoa mtoto katika adabu za dini. Hofu hiyo yastahiki heshima. Hata hivyo, tuliopita vyuoni twajua kuwa mtoto huhifadhi sura huku akiyumba, na kwamba maulidi ya homu husomwa na safu zinazoinama na kuinuka pamoja. Basi wazee hao ndio wachague nyimbo zifaazo.

Twawaomba maofisa wa elimu wa Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani waanze na dogo: nusu saa kwa wiki, ngoma moja, fundi mmoja wa kijijini. Wala wasiwachezeshe watoto juani kwa ajili ya kupokea wageni tu. Wacheze kwa faida yao wenyewe. Udongo uwahi ungali maji.