Kabla ya kutia sahihi, pima laini mwenyewe

Jamani, kuna jambo limenikera tangu wiki jana na leo lazima nilitoe.

Mteja wangu ana duka la mbegu na mbolea. Ofisi kuu iko Kitale, tawi liko Bungoma, na katikati kuna laini ya kibinafsi aliyokodi, mbali na intaneti ya kawaida. Mkataba unasema megabiti 10 kwa sekunde, kwenda na kurudi. Programu ya stoo niliiandika mimi. Makarani wa Bungoma wakalalamika kwamba inakwama, mzee akasimamisha malipo yangu, na fundi wa kampuni iliyouza laini akaitwa. Akafungua tovuti ya kupimia kasi palepale Kitale, mshale ukapanda hadi 10, akasema: "Laini iko sawa. Muulizeni huyu kijana wa programu."

Huyu kijana ndiye mimi.

Sasa ndugu msomaji, tovuti ile ilipima nini? Ilipima intaneti ya Kitale hadi kwenye seva iliyoko Nairobi. Laini ya Bungoma haikuguswa kabisa. Ni kama kupima barabara ya Eldoret ili ujue mashimo ya Kamukuywa.

Laini ya namna hii hupimwa kwa kompyuta zako mwenyewe, moja kila upande. Mimi hutumia iperf3, programu ya bure iliyotolewa na ESnet ya Marekani mwaka 2014. Kitale niliacha kompyuta moja ikisubiri kwa amri ya iperf3 -s. Nikapanda matatu na laptopu yangu hadi Bungoma, nikachomeka kebo moja kwa moja kwenye ruta (ukitumia waifai utapima waifai), nikangoja duka lifungwe, kisha nikatoa amri ya iperf3 -c pamoja na anwani ya Kitale na -t 60, yaani tuma kwa sekunde 60. Jibu: 9.4. Hiyo ni halali, kwa sababu kila pakiti hubeba anwani na vichwa vyake, navyo vinakula nafasi.

Kisha nikaongeza -R, ili Kitale ndiyo itume. Jibu: 2.1! Asubuhi nikarudia, hali ni ileile. Ripoti ya megabaiti 20 iliyopaswa kufika kwa sekunde 17 hivi ilichukua zaidi ya dakika moja. (Tusichanganye: megabiti 10 ni megabaiti 1.25 tu. Watu wamegombana bure kwa hilo.)

Kampuni ilipoona namba hizo iligundua kwamba kikomo cha kasi kiliandikwa vibaya kwenye ruta yake. Kilirekebishwa kwa nusu saa. Miezi minne mzee amelipia 10 akipata 2 upande mmoja, kwa sababu siku ya makabidhiano alitia sahihi kwenye kipimo cha muuzaji. Mimi naona kipimo cha ncha zote mbili, pande zote mbili, kiandikwe ndani ya mkataba wenyewe, na kifanywe mnunuzi akiwepo.

Lakini niseme ukweli wote. Nilipopiga ping nilikuta milisekunde 18. Kitale na Bungoma haziachani hata kilomita 100, na mwanga ndani ya faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde moja tu. Data yetu inazunguka mbali, pengine hadi Nairobi. Na programu yangu, kufungua ukurasa mmoja wa stoo, ilikuwa ikiuliza hifadhidata maswali 300, moja baada ya jingine. Zidisha mwenyewe: sekunde 5.4 za kungoja tu, hata ungenunua megabiti 1,000. Hapo yule fundi alikuwa na haki yake.

Nimeiandika upya, sasa inauliza mara moja. Malipo yangu nayo nadhani bado yanazunguka Nairobi.