Kilo Zilizobaki Si Mali ya Ukoo

Ukitaka kujua una ndugu wangapi, tangaza kwamba umepata viza. Mjomba aliyenyamaza tangu matanga ya bibi atapiga simu. Jirani wa zamani aliyehamia Mbagala atakumbuka kwamba ana binti Leicester. Shemeji atamtuma kijana wa bodaboda na kifurushi kilichozungushiwa selotepu mpaka hakina mwanzo wala mwisho, pamoja na ujumbe: "Kitu kidogo tu, hata kilo mbili hakifiki." Usiku wa kuamkia safari sebule imegeuka stoo: dagaa wa Kigoma, dona, ubuyu, karanga, madera matatu ya harusi ya mtu usiyemjua. Begi linaning'inizwa kwenye kimizani, baba mdogo anasoma namba, kisha anatamka maneno yanayoharibu safari za watu: "Mbona bado una kilo tatu?"

Imani iliyomo ndani ya swali hilo ndiyo ninayoipinga. Kwamba uzito ulioandikwa kwenye tiketi ni haki ya kudaiwa mpaka gramu ya mwisho. Kwamba nafasi ikibaki imepotea. Kwamba anayefunga begi likiwa na upenyo ana majivuno, au ana choyo. Ni imani mbovu. Inatutoa fedha, inatuaibisha mbele ya foleni, na inaweza kumpeleka mtu mbele ya hakimu wa nchi asiyoijua hata lugha yake.

Watetezi wake hupenda kukimbilia hesabu. "Nimelipia kilo 46, niwaachie kwa nini?" Sawa, tuhesabu. Kwenye safari za mbali za daraja la kawaida, kipimo kilichozoeleka ni kilo 23 kwa kila begi. Sanduku kubwa gumu la magurudumu, lile tunalolipenda kwa kung'aa kwake, lina kilo nne au tano likiwa tupu. Hujatia hata soksi na karibu sehemu moja ya tano imekwenda kwa plastiki. Ukivuka 23 unatozwa, na kwenye njia nyingi za Ulaya na Marekani tozo hiyo hufika dola 100 au kupita. Ukivuka 32, kwa kawaida begi halipokelewi kabisa kama mzigo wa abiria, kwa sababu kuna mtu kule chini ya ndege anayelinyanyua kwa mgongo wake. Sasa kilo moja ya sembe Dar es Salaam haifiki dola moja. Anayelipa dola 100 ili kilo nne za unga zivuke bahari amepika ugali wa bei ambayo hata hoteli za Masaki zingeona haya kuiandika kwenye menyu.

Tena hizo kilo za "bure" zinaelekea kwisha. Mwaka 2008 American Airlines walianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza kwenye safari za ndani ya Marekani, wenzao wakafuata, na leo mashirika makubwa ya Ulaya kama Lufthansa, KLM na Air France yanauza, kwenye njia zao nyingi, tiketi za bei ya chini zisizo na begi la kupakia hata moja. Anayetaka begi anaongeza fedha. Asiye na mzigo, basi, anaweza kubakiwa na kitu mfukoni. Sisi hatumuulizi kabisa wakala wa tiketi bei ya bila begi. Tunauliza: "Kilo ngapi?"

Simama jioni kwenye Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere uangalie matokeo. Familia nzima imepiga magoti sakafuni, masanduku mawili yako wazi mbele za watu, dagaa wanahamishiwa kwenye begi la mkononi, koti la baridi linavaliwa hapohapo kwenye joto la Dar. Msafiri anatokwa jasho kabla hajaiona ndege. Waliomsindikiza watarudi nyumbani na nusu ya vitu huku wakilalamika kwamba mashirika ya ndege ni wezi. Aliyesema "bado una kilo tatu" halaumiwi na mtu.

Na ujanja wa kuhamishia unga kwenye begi la mkononi nao una mwisho wake. Tangu 30 Juni 2018, abiria anayeelekea Marekani akibeba mkononi unga wa aina yoyote unaozidi mililita 350, yaani ujazo wa kopo moja la soda, atasimamishwa akaguliwe zaidi, na usipotambulika haupandi. Kwenye mashine mchele wa kusaga hauna tofauti na kitu kingine kibaya.

Huko uendako ndiko kuna sheria ambazo baba mdogo hazijui na hana haja ya kuzijua, kwa kuwa haendi. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria wa kutoka kwetu kuingia na nyama wala vitu vya maziwa. Samli ya bibi imo humo. Matunda mabichi yanatakiwa yawe na cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Mpemba mwenye doriani lake, basi, yuko ndani ya sheria za Brussels, shughuli yake itakuwa na abiria wenzake. Mwenye kikapu cha embe dodo atakiacha kwa ofisa wa forodha. Marekani wanataka utaje chakula chote ulichobeba, hata pipi. Ukinyamaza wakakikuta, faini inaweza kuwa dola 300 kwa kosa la kwanza. Faini hiyo inaandikwa kwa jina la mwenye pasipoti. Mwenye kifurushi wakati huo yuko kwake Tabata, anasubiri picha ya "vimefika".

Lakini unga na samli ni mambo madogo. Ninachokiogopa ni vifurushi vilivyofungwa.

Kwenye kaunta huulizwa kama begi umefunga mwenyewe, na kama kuna mtu amekupa kitu umpelekee. Tumezoea kujibu "ndiyo, hapana" kama tunaitikia salamu, huku shingoni kuna begi lenye bahasha za watu sita. Swali hilo lina historia. Tarehe 17 Aprili 1986, uwanjani Heathrow, Anne-Marie Murphy, mwanamke mjamzito kutoka Ireland, alikuwa anataka kupanda ndege ya El Al kwenda Tel Aviv. Begi lake alikuwa amepewa na mchumba wake, Nezar Hindawi, raia wa Jordan, aliyemwahidi kwamba wangekutana huko. Maofisa wa usalama wa El Al walimhoji, majibu yake yakawatia shaka, wakalipekua begi. Chini ya kitako bandia walikuta zaidi ya kilo moja ya vilipuzi. Yeye hakujua lolote. Mtu aliyempenda ndiye aliyempa mzigo. Hindawi alihukumiwa kifungo cha miaka 45.

Utasema mfano huo ni wa mbali, shangazi yako si gaidi. Ni kweli. Shangazi ana mirungi. Au ana dawa ya maumivu ya mgongo aliyoinunua dukani bila cheti. Mpaka Juni 2014 mirungi ya Meru ilikuwa inashuka Heathrow kwa maboksi, mchana kweupe, na watu wakiilipia kodi. Tangu tarehe 24 ya mwezi huo, kuingia nayo Uingereza ni kosa la dawa za kulevya. Vidonge vyenye tramadoli au kodeini, ambavyo huku vinapatikana kwa urahisi kuliko inavyopaswa, ukienda navyo Dubai bila kibali cha mamlaka zao unaweza kulala mahabusu. Shangazi hakukusudia ubaya. Nia yake njema, hata hivyo, haiandikwi kwenye kitambulisho kinachobandikwa begini. Jina lako ndilo linaloandikwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na aliyepanga kifurushi sebuleni kwake ndiye mtu wa mwisho kukisikia uzito.

Hata begi likipotea, hesabu haiko upande wako. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya zimo, unaweka ukomo wa fidia kwa abiria mmoja. Tangu Desemba 2024 ukomo huo ni SDR 1,519 (kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa), kama dola 2,000 hivi, kwa mizigo yako yote ya safari hiyo. Begi likiharibika una siku saba za kuandika malalamiko, likichelewa una siku 21. Mabegi mawili yenye vitenge vya watu, simu ya mtu na hereni za dhahabu za mtu yataliwa na ukomo huohuo mmoja, na watakaokudai wote watakuwa ndugu.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu: kwamba mzigo ni upendo. Mtoto yuko baridini, mama anamtumia ladha ya nyumbani, na posta ni ghali. Nakubali, ila tuangalie kilichomo mle begini. Kanga aliyochagua mama mwenyewe, yenye jina analotaka mwanawe alisome, haina duka ng'ambo. Ibebwe. Picha za marehemu babu zibebwe. Mihogo na bamia, lakini, zimejaa Ridley Road, London mashariki, mwaka mzima. Minneapolis ina maduka ya Wasomali na Wakenya ambayo unga wa ugali na majani ya chai vimepangwa rafuni. Muscat kuna nyumba nyingi za Waomani waliotoka Zanzibar ambazo Kiswahili ndicho cha mezani. Kumpelekea mtu wa kule kilo tano za mchele ni kumtania. Upendo unaopatikana dukani mtaa wa pili hauna haja ya kuvunja bega la mtu wa watu. Mtumie fedha kwa simu.

Siwapigii debe wale wa begi moja la mgongoni na fulana mbili wanaozunguka dunia na kutuhubiria. Wao hawaendi kumuona mtu. Hakuna anayewangojea uwanjani. Sisi tunangojewa, na mkono mtupu kwetu una maana yake.

Safari ya kurudi ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa anayetoka majuu haaminiki mpaka masanduku yake yawe hayafungiki. Novemba 2023 Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilipowakumbusha abiria kwamba vitu vyenye thamani inayozidi dola 500 vinatozwa ushuru, kelele zilisikika nchi nzima. Sheria hiyo haikuwa mpya, ilikuwa ya forodha ya Afrika Mashariki ya miaka mingi. Watu walikuwa wameizoea nafasi ya kupita. Mtazame sasa mfanyabiashara mzoefu wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou. Mali yake anaipakia kwenye kontena la kuchangia, analipa kwa CBM, yaani kwa mita za ujazo, mwenyewe anarudi na begi dogo. Anayeujua mzigo kwa kazi yake hauweki kwenye begi la abiria. Ni sisi wa zawadi tunaojifanya meli.

Kwa hiyo, unayesafiri: nunua begi jepesi, pima mwenyewe, ishia kilo 18 au 19, na usimtajie mtu namba iliyobaki. Ukilazimika kubeba cha mtu, kifunguliwe mbele yako, kitu kimoja kimoja, na selotepu uifunge wewe. Asiyetaka kifunguliwe amekujibu tayari.

Nawe unayeagiza, leta kifurushi kikiwa wazi, wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia safari. Na msafiri akikuambia hawezi, usimnunie.